Kubadili kabureta ya Land Rover ya petroli: ipi ununue, na uifungeje

Land Rover nyingi za Series (zile za zamani) zinazotembea huku kwetu Tanzania zilishatolewa injini zamani na kuvishwa za dizeli za Kijapani. Huu ni mwongozo wa sisi wachache tuliobaki na injini iliyokuja na gari: ile ya petroli, silinda nne, cc 2286, ambayo wengi huiita mbili na robo. Iliingia na Series II mwaka 1958 ikaendelea mpaka Series III ilipokoma mwaka 1985. Kama unayo, ipo siku fundi atafuta mikono, atakutazama na kukwambia, "Bosi, kabureta imekufa hii, katafute nyingine."

Huenda amesema kweli. Ila mimi nimeambiwa hivyo mara nne kwa gari moja, na ni mara moja tu kabureta ilikuwa imekufa kweli. Mara nyingine zote tatu tatizo lilikuwa hewa, na hewa ndiyo itakayorudi rudi katika maelezo haya. Kabureta hupima petroli kwa kufuata hewa inayopita mdomoni mwake. Hewa ikipata mlango mwingine wa kuingilia, hata uwe na kabureta ya dhahabu, gari haitatulia.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni kabureta

Kumisi, kukosa sailensi (ukiachia mafuta injini inazima), moshi mweusi, kunywa petroli kama mlevi: hizi ni dalili za kabureta mbovu, na pia ni dalili za umeme mbovu. Anza na umeme kwa sababu ni rahisi na bei yake ni ndogo. Fungua distributa, pima uwazi wa pointi: uwe kati ya mm 0.35 na 0.40. Kama vichwa vya pointi vimeungua na kufanya kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, badilisha pamoja na kondensa. Plagi ziwe na uwazi wa mm 0.75 hadi 0.80. Hakikisha nyaya za plagi zimefuata mpangilio wa kuwaka silinda, 1-3-4-2. Usicheke. Nimeshaona gari iliyofunguliwa kabureta siku nzima kumbe nyaya mbili zimepishana.

Halafu petroli. Injini hii kwa kawaida ina pampu ya daiframu, yenye kikombe cha kioo na kijimkono cha kupampia. Kikombe kikiwa na maji au matope chini, hapo pengine umeshapata jibu. Safisha, kisha chomoa paipu upande wa kabureta, iingize kwenye chupa na upampu kwa mkono. Kila ukipampu petroli iruke kwa nguvu. Ikitoka kwa kudonoka, shida ni pampu au njia ya mafuta kutoka tangini.

Sasa hewa. Injini ikiwa inaunguruma polepole, chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni kidogo, nyunyiza kwenye kitako cha kabureta, kwenye maungio ya manifoldi (bomba linalobeba kabureta na kupeleka mchanganyiko kwenye injini) na silinda hedi, na kwenye mpira wa breki sevo kama gari lako linayo. Mlio ukibadilika pale uliponyunyizia, umeona tundu. Kuna mafundi hufanya kipimo hiki kwa petroli. Usikubali. Kwenye injini hii manifoldi ya ekzosi iko chini kabisa ya kabureta, na inakuwa ya moto wa kuunguza.

Mwisho, shika shafti ya kipepeo, yaani kile kijiti kinachozunguka ukikanyaga mafuta, na uitikise juu na chini. Ikicheza cheza, hewa inapenya pembeni yake na hakuna skrubu itakayoleta sailensi ya kudumu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kutafuta kabureta nyingine.

Kioo cha dirisha kabla ya duka la spea

Kama iliyoko ni Zenith 36 IV, ambayo ndiyo Land Rover waliifunga kuanzia kwenye Series IIA za mwishoni hadi Series III, usiipeleke kwenye skrepa kabla ya jaribio moja. Ugonjwa wake unajulikana: ndani yake mna kipande kinachobeba jeti (vijitundu vya kupimia petroli), kinachokutana na mfuniko wa juu. Miaka ya joto na fundi anayekaza kwa hasira huupinda uso huo, na hewa hupenya katikati. Matokeo yake gari inakubali kutembea ukiwa umevuta choki tu.

Aliyenifundisha dawa yake ni mzee mmoja wa gereji za Unga Limited, Arusha. Nilimfikia na kabureta kwenye mfuko wa plastiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba, lete tuone." Hakuuliza kitu kingine. Alifungua skrubu za juu, akatenganisha vipande, akakwangua mabaki ya gasketi kwa wembe, kisha akakilaza kile kipande juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kukibonyeza kona moja. Tik. Kona ya pili. Tik. Kilikuwa kinabembea kama meza ya mgahawa. Akalaza msasa namba 400 juu ya kioo, akaulowesha kwa mafuta ya taa, akaanza kusugua kwa kuchora nane, taratibu, akigeuza kipande kila baada ya mizunguko kadhaa ili mkono usielemee upande mmoja. Mwanzoni sehemu zilizong'aa zilikuwa pembeni tu, katikati kukiwa na giza. Baada ya kama dakika ishirini uso wote ukawa rangi moja. Akafanya vivyo hivyo kwa mfuniko, akaosha, akapuliza kila tundu, akaweka gasketi mpya na oringi mpya, ile pete ndogo ya mpira. Kabureta ile ilinihudumia miaka mitatu zaidi, mpaka shafti yake ilipolegea.

Usisugue kupita kiasi, unatafuta usawa tu. Na usisahau oringi. Ni ndogo, huanguka sakafuni bila kelele, na bila hiyo kazi yote inakuwa bure.

Kuchagua

Injini hii utaikuta na kabureta za aina tatu: Solex 40 kwenye gari za mwanzo, Zenith 36 IV zilizofuata, na Weber 34 ICH, ambayo haikuja na gari bali imekuwa mbadala maarufu wa miaka mingi. Namba hizo ni kipenyo cha koo pale kipepeo kinapokaa, kwa milimita. Kwa hiyo ukitoka Zenith kwenda Weber unapunguza koo la injini. Gari itakunywa kidogo, itawaka vizuri asubuhi, na kabureta yenyewe ni nyepesi kufungua na kusafisha. Ila ukiwa na 109 (Land Rover ndefu) iliyojaa magunia ukipanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, utahisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Maoni yangu, na wapo watakaobisha: 88 (ile fupi) ya mizunguko ya mjini, weka Weber. 109 ya kazi, baki na Zenith. Solex nzima usiiguse, lakini ikichoka usihangaike kuifufua, maana spea zake ni za kuwinda.

Swali gumu zaidi ni orijino iliyotumika au mpya ya kuigiza. Sokoni kuna nakala za Zenith na za Weber, ziking'aa kwenye maboksi mazuri. Baadhi zinafanya kazi. Nyingine nimezikuta na mabaki ya chuma ndani ya matundu, kitako kisichonyooka, na vali ya floti (boya linalofunga petroli bakuli likijaa) inayovuja siku ya kwanza. Kati ya nakala mpya na Zenith orijino iliyotumika ambayo shafti yake haichezi, mimi nachukua ile ya zamani, naifanyia dawa ya kioo na kuivisha gasketi mpya.

Na ile tabia ya kuchonga bamba la chuma na kupachika kabureta ya Corolla? Gari itawaka, hata itatembea. Lakini jeti zake zilipimiwa injini ndogo zaidi. Mchanganyiko ukiwa na petroli pungufu injini hupata joto kali, na vali za ekzosi zikianza kuungua utalipa mara kumi ya ulichookoa.

Dukani, nenda na kabureta yako ya zamani mkononi na ufanye haya kabla ya kutoa pesa:

– Weka gasketi ya zamani juu ya kitako cha mpya. Matundu ya nati na koo vilingane. Kama ni Weber, uliza kipande cha kuunganishia na manifoldi na kiwiko cha hewa; bila hivyo umenunua pambo.

– Tikisa shafti. Ndiyo, hata kama ni mpya.

– Funga kipepeo, kielekeze juani na uchungulie. Mwanga uwe uzi mwembamba unaolingana pande zote.

– Pindua kabureta kichwa chini, upulize kwa mdomo kwenye kinywa cha petroli. Pumzi isipite, kwa sababu floti inabonyeza sindano. Igeuze wima, pumzi ipite. Jaribio hili halina gharama na limeniokoa mara mbili.

– Kivute kwa mkono kile kinywa cha petroli. Kwenye baadhi ya kabureta kimesukumiwa tu bila nyuzi. Kikitoka dukani, mshukuru Mungu hakikutoka barabarani.

– Angalia kama kipo kijitundu cha mpira mwembamba unaokwenda distributa, na kama mkono wa kukanyagia mafuta uko upande ule ule wa zamani.

Soma pia namba za jeti. Namba ni sehemu za mia za milimita: 130 maana yake tundu la mm 1.30. Hii ina maana kwetu kwa sababu ya miinuko. Kila ukipanda kama mita 1000 hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika Arusha, mita 1400 hivi, itatoa moshi kidogo na kula zaidi. Kama gari linaishi juu, jeti kuu ndogo kwa hatua moja, tuseme kutoka 135 kwenda 130, mara nyingi inatosha. Usipanue jeti kwa waya wala kibiriti. Ukishaipanua hujui tena ni namba ngapi.

Kutoa ya zamani

Injini iwe imepoa. Chomoa betri, waya wa eathi (unaokwenda kwenye chesisi) kwanza. Weka karibu kizima moto, au ndoo ya mchanga kama huna. Piga picha kila upande kwa simu; saa mbili baadaye utajiuliza ile springi ilikuwa inashika wapi.

Toa kiwiko cha hewa na mpira wake, kisha paipu ya petroli (weka kitambaa chini, itamwagika kidogo), mpira wa distributa na waya wa choki. Land Rover hizi hazitumii waya kwa mafuta, zinatumia fito zenye vichwa vya mviringo. Vichokonoe kwa bisibisi bapa, usivikunje. Kisha legeza nati za kitako kwa zamu.

Kabureta ikitoka tu, kabla ya kufanya lolote, ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi. Siku moja niliona ni kupoteza muda. Washa ya springi ikaniponyoka, ikagonga ukingo, ikatumbukia. Sikuisikia ikitua. Nilishusha manifoldi nzima Jumamosi jioni kwa ajili ya washa isiyozidi ukucha, kwa sababu ikishavutwa kwenye silinda, pistoni ndiyo italipa.

Kwangua gasketi yote ya zamani, kisha laza rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na uangalie mwanga chini yake. Kipande cha kukinga joto kilichokuwa chini ya kabureta kirudi, ama cha zamani kikiwa kizima ama kipya. Ukikiacha, petroli itachemka kwenye bakuli kila ukisimama foleni.

Kufunga

Gasketi mpya, kavu. Usipake silikoni. Petroli huilainisha, ikameguka na kwenda kuziba jeti.

Kalisha kabureta, weka washa, anza nati zote kwa vidole. Nati ikigoma usiilazimishe, huenda nyuzi zake si za aina moja na za stadi (zile bolti zilizosimama kwenye manifoldi). Kaza kwa zamu, robo robo, kushoto, kulia, mpaka zishike, ongeza kidogo, acha. Hapa ndipo kabureta nyingi mpya huuawa: kitako ni cha metali laini, na fundi mwenye spana ndefu hukipinda siku hiyo hiyo. Ukikaza zaidi unafungua tundu la hewa badala ya kuliziba.

Rudisha fito. Sasa mwite mtu akae kwenye usukani akanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, nawe chungulia mdomoni. Kipepeo kisimame wima kabisa. Kisiposimama, rekebisha urefu wa fito. Vinginevyo umenunua kabureta nzima na unatumia robo tatu. Akiachia, kipepeo kirudi chenyewe na kifunge. Springi ya kurudishia ikiwa imechoka weka mpya. Gari lenye mafuta yaliyonasa likiwa mteremkoni silitaki hata kwa adui.

Waya wa choki uache na ulegevu wa milimita moja au mbili ili choki ifunguke yote ukisukuma kitufe. Mpira wa distributa uvute kwa mdomo kabla ya kuuchomeka: bamba la pointi lisogee na kubaki hapo ukiziba kwa ulimi. Likirudi, daiframu imetoboka.

Mpira wa petroli uwe mpya, wa petroli hasa, wenye klipu pande zote mbili. Ule mpira mwangavu wa mita kwa mita hugumu baada ya miezi michache na kupasuka juu ya ekzosi.

Betri bado iko nje. Pampu kwa mkono mpaka kijimkono kilegee, maana yake bakuli limejaa na sindano imefunga. Subiri dakika tano. Pitisha kidole kavu kila kiungo kisha unuse. Ukikuta unyevu, hurudishi betri mpaka uukaushe.

Kuseti

Kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse (ukiikaza kwa nguvu ncha yake inaharibika na haitasikia tena), kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa kwa choki, acha injini ipate joto kamili, dakika kumi na tano hivi, kisha rudisha choki yote. Eaklina iwe imefungwa, na bakuli lake la oili liwe na oili safi mpaka kwenye alama. Kuseti bila eaklina ni kuseti gari ambalo halipo.

Punguza mwendo kwa skrubu ya kipepeo mpaka injini ikaribie kuzima. Sasa kaza ya mchanganyiko, robo kwa robo, mpaka ianze kusitasita. Fungua tena mpaka itulie, endelea mpaka ianze kuunguruma kizito. Katikati ya hizo mbili kuna mahali inapopiga kwa kasi na ulaini kuliko kwingine. Iache hapo. Punguza tena mwendo kwa kipepeo, rudia mara moja. Bila mita ya mizunguko, sikio linatosha. Unatafuta mlio ambao unaweza kuhesabu miguno yake, na kisoda kilicholala juu ya mfuniko wa vali kisicheze ngoma.

Skrubu ya mchanganyiko ikizungushwa bila injini kujali, kipepeo kimefunguliwa mno, au hewa inaingia. Rudi kwenye chupa ya maji na sabuni.

Barabarani

Endesha kilomita kumi hadi ishirini, mlima ukiwemo. Ikisita pale unapokanyaga ghafla, zima, toa kiwiko, kanyagisha kwa mkono na utazame mdomoni: mrusho wa petroli uonekane mara moja. Usipoonekana, pampu ndogo ya ndani ya kabureta ndiyo ya kufuatwa. Ikikosa nguvu mlimani huku plagi zikiwa nyeupe, petroli ni pungufu. Angalia jeti kuu na filta. Plagi nyeusi zenye masizi makavu, petroli imezidi. Rangi unayoitaka ni ya chai ya maziwa iliyokolea.

Gari ikikataa kuwaka ikiwa ya moto baada ya kusimama kidogo, usipampu pedali. Kanyaga mpaka chini, shikilia, piga stata.

Baada ya wiki moja rudi na spana uguse nati za kitako, gasketi mpya hulala kidogo. Gusa tu. Ile kabureta ya zamani ivue jeti, sindano, floti na skrubu zote, uziweke kwenye kopo lenye mfuniko na uliandike jina. Mimi nina makopo mawili, na la pili limeshatengeneza Land Rover ya jirani.